Ukitoka Bandani, Unamwogopa Nani?

Leo nataka tuzungumzie watu wanaolipa ili watishwe na filamu. Mtu mzima, mwenye akili zake na madeni yake, anatoa mia tano mfukoni, anakaa kwenye benchi gumu saa mbili nzima, na akitoka hajapiga kelele hata mara moja anasema ameibiwa. Nimechagua mada hii kwa sababu ya tarehe. Mwisho wa Oktoba, huko Marekani na Uingereza, ni msimu wa Halloween. Siku hizi hata Dar es Salaam na Nairobi utakuta kumbi za starehe zinawaalika watu waje usiku wa tarehe 31 wamejipaka damu ya bandia na kuvaa kama maiti. Asili ya siku hiyo ni mkesha wa Sikukuu ya Watakatifu Wote, ambayo Wakatoliki wa hapa Kongwa, mkoani Dodoma, wanaijua vizuri, pamoja na ile ya kesho yake, Novemba 2, ya kuwaombea marehemu. Wao huenda kanisani na makaburini. Wenzetu wakaongeza maboga.

Na hayo maboga, msikilizaji, ndiyo yanayoonyesha kwamba sherehe hii si ya huku. Kwao Oktoba ni mavuno, boga ni jingi mpaka la kuchezea: wanalichonga macho na meno, wanawasha mshumaa ndani, wanaliweka mlangoni. Sisi wa uwanda wa kati tuna msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia Desemba hivi mpaka Aprili, na boga letu hukomaa katikati ya mahindi na mtama mvua zikielekea ukingoni. Oktoba ni vumbi, upepo, na mibuyu inayoanza kutoa majani kabla hata ya wingu la kwanza. Kijana wa Kongwa akilitoboa boga macho mwezi huu halafu akalitupa, mama yake atamtisha kuliko jini lolote. Kwa hiyo Halloween haikutufikia kwa boga wala kwa mavazi. Imetufikia kwa kioo cha televisheni, na ninataka tuikague hapo hapo kwenye kioo.

Fika Kibaigwa jioni, pale barabara kuu ya Dodoma na Morogoro inapopita karibu na soko la nafaka. Malori yamepaki, vijana wamemaliza kupakia magunia ya mahindi, na madereva wanaolala njiani wanatafuta pa kupotezea muda. Banda la video halikosekani: mabati, turubai la kuzuia mwanga, mabenchi, televisheni moja na spika mbili kubwa kuliko televisheni yenyewe. Nje kuna ubao wa chaki. Siku ya Simba na Yanga ubao huo hauna nafasi ya kitu kingine. Katikati ya wiki ndipo zinapoandikwa muvi, na ukiona mwenye banda amechora fuvu la kichwa pembeni ya jina, ujue ni ya kutisha. Wateja wake utawatambua. Wanakaa nyuma, wanatangaza kwamba wao hawaogopi kitu, na ikifika saa ya kurudi nyumbani wanasubiriana.

Muvi hizo nyingi zimetafsiriwa, kama tunavyosema, ingawa anayefanya kazi hiyo hatafsiri tu: anasimulia, anatania, anamshauri steringi, anamtukana adui. Kazi hii Tanzania ina majina yake makubwa. Yupo marehemu Lufufu, aliyeanza enzi za kanda za VHS akifuata njia iliyokwisha kufunguliwa na wenzetu wa Uganda, na wapo waliokuja baadaye, akina DJ Mack na DJ Murphy. Ninawaheshimu. Muvi ya kivita au ya kung fu ikipitia mikononi mwao mara nyingi inatoka imenoga kuliko ilivyoingia. Lakini muvi ya kutisha inaharibika, na nitaeleza kwa nini.

Hofu kwenye filamu inakaa kwenye ukimya. Msichana anapanda ngazi. Muziki umekatika. Unasikia ubao wa sakafu ukilia, unasikia pumzi yake, na baada ya hapo husikii kitu, na huko kutosikia ndiko kunakokukaba koo. Sasa katikati ya ukimya huo inaingia sauti ya msimuliaji: dada wewe, huko juu unafuata nini, si ungelala tu! Banda zima linacheka. Hofu imekwisha, na aliyeitengeneza kwa jasho hana wa kumlalamikia. Mimi nasema wazi kwamba muvi ya kutisha iliyosimuliwa haiwezi kuhakikiwa. Ukiihakiki unamhakiki msimuliaji. Mwenye banda anayetaka kuwatisha wateja wake wiki hii awaonyeshe filamu isiyosimuliwa, azime taa zote, na amtoe nje yule jamaa anayejua kila kinachofuata. Kila banda lina mmoja.

Aanze na ile yenye jina la msimu wenyewe: Halloween, ya mwaka 1978, iliyoongozwa na John Carpenter. Hii ni filamu ya kuwafundisha wale wanaosema hatuwezi kutengeneza picha nzuri kwa sababu hatuna fedha. Ilitengenezwa kwa dola laki tatu na kitu, ambazo kwa Marekani hata wakati ule zilikuwa fedha za vocha, na ikaingiza takriban dola milioni 70. Walipiga picha kwa siku zipatazo ishirini, tena si Oktoba bali majira ya kuchipua, huko California, mahali ambapo miti ilikuwa ya kijani kibichi. Majani makavu unayoyaona yakipeperuka barabarani yalipakwa rangi, yakamwagwa, kamera ikipita yakaokotwa na kuwekwa kwenye magunia kwa ajili ya siku inayofuata. Kinyago cheupe cha muuaji kilinunuliwa dukani kwa bei ya kutupwa. Kilikuwa kinyago cha sura ya mwigizaji William Shatner, yule wa Star Trek, wakakipaka rangi nyeupe na kupanua matundu ya macho. Muziki aliutunga Carpenter mwenyewe, mapigo matano matano kwenye piano, mdundo aliosema alifundishwa na baba yake kwenye ngoma ndogo.

Kinachotisha humo si damu. Damu ni kidogo kuliko unavyokumbuka. Kinachotisha ni kwamba muuaji, Michael Myers, anaonekana mchana. Binti anachungulia dirishani, anamwona amesimama kati ya nguo zilizoanikwa kwenye kamba. Binti anapepesa, jamaa hayupo. Hakuna mlio, hakuna radi. Uani pa mtu, nguo zimeanikwa, jua linawaka. Mtu aliyeona picha hiyo akirudi nyumbani hawezi kuzitazama shuka za mama mwenye nyumba kama zamani. Carpenter hakukuambia kwa nini muuaji anaua, na mimi namsifu kwa hilo. Filamu zilizofuata za mfululizo huo zikajaza maelezo ya ukoo, ya laana, ya madhehebu, na kila maelezo yalivyoongezeka hofu ikapungua. Ukizikuta bandani, lipia ya kwanza. Nyingine nenda kale chipsi.

Kabla sijaenda ya pili, niseme kipimo ninachotumia. Wahakiki wengi wa filamu za kutisha huhesabu ni mara ngapi wameruka kwenye kiti. Kuruka ni rahisi. Hata mlango ukipigwa na upepo mtu anaruka. Mimi huuliza swali jingine: mtazamaji akitoka bandani, njia nzima mpaka kwake, anamwogopa nani? Akiogopa giza, sawa. Akiogopa nafsi yake, hiyo ni kazi ya bwana mkubwa. Lakini akitoka anamwogopa mtu fulani anayeishi mtaa wa pili, filamu hiyo inabidi itazamwe kwa jicho kali.

Ya pili ni Night of the Living Dead ya George Romero, mwaka 1968, ya rangi nyeusi na nyeupe, iliyotengenezwa Pennsylvania na watu ambao walikuwa wakiishi kwa kutengeneza matangazo ya biashara. Maiti zinafufuka, zinakula walio hai, na watu saba wamejifungia kwenye nyumba ya shamba. Mfufuko huu wa maiti unaouona leo kwenye kila simu umetokana na filamu hii. Kuna jambo la kuchekesha kidogo kuhusu haki zake. Walibadilisha jina la filamu dakika za mwisho, na katika kubadilisha wakasahau kurudisha lile tamko la haki miliki ambalo sheria ya Marekani wakati ule ililitaka. Kwa hiyo kwao ikawa mali ya umma tangu siku ilipotoka, na Romero hakupata alichostahili.

Steringi wake ni Ben, aliyeigizwa na Duane Jones, mwigizaji mweusi, katika mwaka ule ule aliouawa Martin Luther King. Ben ndiye mwenye akili ndani ya ile nyumba. Anapigilia mbao madirishani, anatafuta bunduki, anawatuliza wenzake. Na bandani, msikilizaji, tuna sheria yetu isiyoandikwa kwamba steringi hafi. Ben anaumaliza usiku ule peke yake, yu hai. Kunakucha. Wanakuja watu wenye bunduki na mbwa, wananchi wema, pamoja na mkuu wa polisi wa eneo, wanasafisha mashamba. Ben anasikia sauti zao, anasogea dirishani. Wao wanaona kitu kinasogea dirishani. Wanampiga risasi ya kichwa, na kazi inaendelea, kwa sababu kwa macho yao yeye ni mmoja wa wale. Filamu imeisha. Nimewahi kuona banda zima limegoma kunyanyuka, watu wanadai kuna sehemu ya pili.

Sehemu ya pili ipo, na haikupigwa Marekani.

Tarehe 1 Oktoba 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi, wilaya ya Chamwino, hapa hapa mkoani Dodoma, waliuawa watu watatu: watafiti wawili wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Selian kilichoko Arusha, na dereva wao. Walikuwa katika kazi ya utafiti wa udongo. Walikuwa na gari la serikali na vifaa vyao vya kuchukulia sampuli. Uvumi ukatoka kwamba ni wanyonya damu. Magazeti ya wakati ule yaliandika kuwa kipaza sauti kilitumika kuwatangazia watu kwamba wavamizi wameingia. Watu wakakusanyika na silaha za jadi, wakawaua wageni wale, wakawachoma moto wao na gari lao.

Sisemi kwamba waliofanya vile walitoka kutazama filamu. Sina sababu ya kusema hivyo, na uvumi wa wanyonya damu ni wa zamani kuliko televisheni. Wazee wetu walikua wakisikia habari za mumiani tangu enzi za mkoloni, kwamba kuna watu wanakamata watu usiku na kuwakamua damu, na miji mingi ya Afrika Mashariki iliwashuku hata askari wa zimamoto kwa sababu ya magari yao mekundu. Ninachosema ni kwamba ile hadithi ilikuwa tayari imekaa vichwani, imekamilika, ina mgeni, ina gari, ina vifaa visivyojulikana. Ilikosa waigizaji tu. Wakatokea watu watatu waliokuja kupima udongo ili mkulima wa Dodoma ajue shamba lake linataka nini. Walikuwa Ben wa kwetu, wamesogea dirishani.

Ndiyo maana swali langu la nani anaogopwa silioni kuwa la mzaha. Na sisi watu wa redio tusijitoe. Tarehe 30 Oktoba 1938, siku moja kabla ya Halloween, kijana aitwaye Orson Welles alirusha redioni huko Marekani mchezo wa kuigiza kuhusu viumbe wa sayari ya Mirihi wakiivamia dunia, akautengeneza kama taarifa ya habari inayokatiza muziki. Kesho yake magazeti yakaandika kwamba nchi nzima imeingia kiwewe. Watafiti wa baadaye wameonyesha kuwa magazeti yalitia chumvi, na waliokimbia kweli walikuwa wachache. Lakini wachache wanatosha. Ukiwa na kipaza sauti, cha redio au cha mahali pengine popote, na watu wamezoea kukuamini, huhitaji picha.

Sasa tuje kwenye filamu zetu wenyewe. Wapo wanaodhani Bongo Movie ni mapenzi na fumanizi peke yake. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati soko la filamu za video linaanza kuchemka, Mussa Banzi alitengeneza Nsyuka, na baadaye Shumileta, filamu za mizimu na majini ambazo ziliuzwa na kuazimishwa mpaka kanda zikachakaa. Picha zilikuwa na ukungu, vipodozi vya mzimu vilionekana ni unga, na bado watoto wa enzi hizo, sasa ni wazazi, ukiwatajia Shumileta wanacheka kicheko chenye wasiwasi. Banzi alielewa kitu ambacho wengi hawakuelewa: kwamba mtazamaji wa Tanzania hatishiki sana na nyumba kubwa ya mbao yenye mlango unaolia. Nyumba ya namna hiyo hajawahi kulala. Hutishwa na mgeni mzuri kupita kiasi anayebisha hodi usiku, hutishwa na njia panda, hutishwa na kaburi lililoachwa bila kupaliliwa. Kwa ufundi ningezipa filamu hizo alama za chini. Kwa kuijua hofu ya hapa, alama za juu sana.

Kilichonikera ni walichofanya waliokuja nyuma ya Banzi. Walichukua njia ya mkato. Mwandishi akiishiwa, akitaka mtu mbaya wa haraka, anamleta bibi. Bibi mwenye macho mekundu, khanga imefungwa kifuani, ungo, kibuyu, kucheka bila sababu. Dakika ya arobaini tunaambiwa ndiye anayewaua wajukuu. Mwishoni mchungaji au mganga anafika, bibi anaanguka, anapigwa au anaungua, na ukoo unapona. Nimezitazama za namna hiyo nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka, na zote zimenichosha kwa namna moja.

Kama ingekuwa ni uvivu tu, ningeishia kuziita za uvivu. Lakini hii ni nchi ambayo vikongwe wameuawa kweli, Shinyanga, Mwanza, Tabora, miaka nenda miaka rudi, kwa tuhuma za uchawi, na macho mekundu yakihesabiwa kama ushahidi. Mwanamke aliyepikia kuni na kinyesi cha ng'ombe kilichokauka, ndani ya jiko lisilo na dirisha, kwa miaka hamsini, macho yake yatakuwa ya rangi gani? Hapa Ugogoni tunazijua nyumba za tembe, tunajua moshi wa ndani ulivyo. Macho yale yametokana na kutupikia sisi. Halafu mtu anakuja na kamera, anayasogelea karibu kabisa, anaweka mlio wa kutisha, na watoto mia wa bandani wanajifunza kwamba hiyo ndiyo alama ya mchawi. Wakitoka, njiani kuna bibi wa kweli amekaa kibarazani. Filamu kama hiyo nikiihakiki sitazungumzia uigizaji wala mwanga. Nitasema imepotoka, na nitaishia hapo.

Mtu ataniambia: basi tusitengeneze filamu za uchawi, tutengeneze nini? Nitamjibu kwa mfano wa mtu mweusi mwenzetu. Mwaka 2017 Jordan Peele, mchekeshaji wa Marekani, alitoa filamu ya kwanza aliyoiongoza, Get Out. Iligharimu dola milioni nne na nusu, ikaingiza zaidi ya milioni 250, na mwaka uliofuata akapewa Oscar ya uandishi wa filamu. Kijana mweusi, mpiga picha, anakwenda kutambulishwa ukweni, kwa wazazi wa mpenzi wake mzungu. Wakwe ni wasomi, wanatabasamu, wanamkaribisha vizuri mno. Humo ndani kuna jambo la kutisha ambalo sitalisema, kwa ajili ya wale ambao hawajaiona. Peele hakumchagua mnyonge awe jini lake. Alichagua wenye nyumba kubwa, wenye madaraka, wanaokushika bega wakisema wanawapenda watu wa namna yako. Ukitoka hapo humwogopi jirani maskini. Unaanza kuwaangalia vizuri wanaokuchekea huku wanakupima.

Na kuna utamu ambao sisi tumepewa peke yetu. Mwigizaji mkuu, Daniel Kaluuya, amezaliwa London na wazazi wa Uganda. Wimbo wa kufungulia filamu, kazi ya mtunzi Michael Abels, ni wa Kiswahili. Unaitwa Sikiliza kwa Wahenga, na ni onyo: sauti za wahenga zinamtahadharisha yule kijana mambo anayoyaendea. Mtazamaji wa Chicago anasikia mnong'ono wa ajabu asiouelewa. Wewe wa Kibaigwa umeonywa tangu dakika za mwanzo, unajua zaidi ya steringi. Sasa fikiria filamu hiyo imepita kwa msimuliaji, akaanza kwa kusalimia mashabiki wake wa Mbagala juu ya wimbo huo huo. Hapo ndipo ninapotaka kulia.

Ningependa siku moja nihakiki filamu ya kutisha iliyopigwa Kongwa. Mahali pa kuipiga papo. Mwaka 1947 Waingereza walikuja hapa na mradi wao wa karanga, wakiamini watailisha Uingereza mafuta kutoka kwenye vichaka vyetu. Walileta matrekta yaliyobaki vitani, mengine yakiwa yamegeuzwa kutoka kwenye vifaru. Mibuyu iliyagomea. Ndani ya mashina mlikuwa na nyuki, na nyuki waliwapeleka watu hospitali. Kiangazi kikafika, udongo ukakauka ukawa mgumu kama saruji, karanga ikang'ang'ania chini, meno ya mashine yakasagika. Mvua hazikuja walivyotarajia. Na wakati wote huo ripoti zilikuwa zikienda London. Mwaka 1951 wakaufunga, wamepoteza zaidi ya pauni milioni 36.

Hiyo ni filamu ya kutisha na haina mchawi hata mmoja. Ninaiona kabisa. Mpimaji wa ardhi amekaa kwenye hema usiku, anaandika kwamba kazi inaendelea vizuri. Nje upepo. Mbuyu ulioangushwa jana, asubuhi unaonekana umesogea hatua chache karibu na kambi, na hakuna anayethubutu kuliandika hilo kwenye ripoti. Muziki usitoke kwenye kompyuta. Wagogo wameupa ulimwengu marehemu Hukwe Zawose, zeze na ilimba vipo, na zeze likipigwa taratibu peke yake gizani linaweza kumfanya mtu aangalie nyuma yake bila kujua kwa nini. Yale makaburi ya wapigania uhuru, waliofika Kongwa kuanzia miaka ya 1960 kutoka Msumbiji, Afrika Kusini, Namibia na kwingineko, msiyaguse. Hao walikwisha kukutana na ya kutisha ya kutosha.

Muda wangu umekaribia kwisha, na nina maneno mawili ya kusema. La kwanza ni kwa wenye mabanda. Nchi hii ina sheria ya filamu tangu mwaka 1976 na ina Bodi ya Filamu inayopanga picha kwa umri, lakini mlangoni kwenu umri wa mteja ni mia tano. Wiki hii mkichora fuvu kwenye ubao, watoto wa shule ya msingi warudisheni nyumbani hata wakiwa na hela mkononi.

La pili ni kwa waandishi na waongozaji wa filamu. Njooni Kongwa. Mibuyu ipo, upepo upo, na giza la huku halihitaji kukodiwa. Leteni maiti zinazotembea, leteni majini, leteni hata Wazungu wa karanga wakitoka ardhini na matrekta yao. Bibi tu ndiye ninayemwombea: mpeni nafasi ya kuwa mwenye akili katika hadithi, na safari hii mwacheni afike mwisho wa filamu akiwa hai.